Mguu Uliokwenda Tononoka

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Joab alisimama mbele ya gereji ya Gunga huko Tononoka, bahasha ya karatasi za forodha kwapani, akingoja pikipiki yake. Alikuwa tarishi wa wakala mmoja wa mizigo mwenye ofisi Ndia Kuu. Kazi yake ilikuwa kupeleka karatasi bandarini na kurudi na nyingine zilizogongwa mihuri. Pikipiki ilikuwa imelala gereji tangu Ijumaa kwa ajili ya breki za nyuma. Gunga aliisukuma nje, akapangusa kiti kwa kitambaa chenye oili.

"Breki umetia mpya?" Joab aliuliza.

"Mpya, ndugu yangu. Zitakusumbua siku mbili tatu mpaka zizoeane na gurudumu. Wewe kanyaga mapema tu."

Joab alishukuru, akawasha, akaenda zake. Breki hazikuwa mpya. Gunga alizitoa kwenye pikipiki mbovu iliyoegemezwa nyuma ya gereji, akazisugua kwa msasa na kuzipaka rangi nyeusi. Alikuwa akifanya hivyo kwa wateja wake wote, na huu ulikuwa mwaka wa nne.

Saa tatu na dakika kumi, kwenye mteremko wa kushukia Mbaraki, trela la makontena lilijitokeza kutoka upande wa bandari. Joab alikanyaga breki kwa mguu wa kulia. Kanyagio lilishuka hadi mwisho bila kukutana na kitu. Alikanyaga tena na tena. Pikipiki ikalala ubavu, ikateleza, na mguu ukaingia chini ya magurudumu ya nyuma ya trela. Dereva alihisi mtikisiko mdogo tu. Alisimama mbele kidogo kwa kuwa watu walikuwa wakipiga bodi kwa viganja. Mfupa ulikuwa umepasua suruali. Mwanamke aliyekuwa akiuza machungwa kando ya barabara alivua leso, akamfunga juu ya goti, akaikaza kwa mpini wa kisu chake.

Madaktari waliukata mguu chini ya goti alasiri ile ile. Ulitiwa ndani ya mfuko wa manjano, ukaandikwa daftarini, na Jumatano ukateketezwa. Karani alitia sahihi. Alhamisi asubuhi mguu ulitoka hospitali kwa mlango wa mbele.

Ulikuwa umevaa soksi ya kijivu na kiatu cheusi cha ofisini, kamba zimefungwa. Ulikwenda kwa kuruka, wala si kwa haraka. Kwenye Barabara ya Digo ulisimama na watu wengine kungoja magari yapite, ukavuka nao. Saa nne kasoro robo ulifika Tononoka, ukaingia gereji, ukampiga Gunga teke la muundi.

Gunga alikuwa amechuchumaa akikaza cheni. Alianguka chali. Teke la pili lilimpata mbavuni, na la tatu likampata pale pale, mbavu ikalia kama kijiti kikavu. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walisogeza viti vyao ili mguu upate nafasi. Ulimpiga mpaka akatapika chai ya asubuhi, kisha ukatoka.

"Ni wa yule tarishi," mteja mmoja alisema. "Kiatu kile nakijua."

"Hata mimi nakijua," Gunga alijibu akiwa chini.

Wakati huo Wanza, mkewe Joab, alikuwa ameketi kando ya kitanda hospitali. Alikuwa fundi wa sare za shule huko Ganjoni na alikuwa ameomba ruhusa ya wiki moja. Joab alifumbua macho.

"Mama Beverly, vidole vinaniuma."

"Vya mkono?"

"Vya mguu wa kulia. Nimepiga kitu kigumu."

Wanza alitazama shuka pale ilipokuwa imelala bapa. "Umepiga nini?"

Joab alifikiri. "Mbavu," alisema. Akageukia ukutani, akapata usingizi mzuri wa kwanza tangu Jumatatu.

Gunga alikwenda kushtaki kwa polisi. Askari aliandika jina lake, akaandika na saa, akauliza mshtakiwa anakaa wapi. Kesho yake alifika gereji na pingu, akaukuta mguu kazini. Aliuzunguka mara mbili akitafuta pa kufunga, hakupata. Alipiga simu hospitali, akaambiwa kwamba kwa mujibu wa daftari mguu huo umekwisha kuwa jivu. Akamwambia Gunga kuwa hawezi kukamata jivu.

Joab aliporuhusiwa kurudi nyumbani Ganjoni, mguu nao ulianza kurudi huko. Kila jioni, kabla ya adhana ya magharibi, ulipanda ngazi hadi ghorofa ya kwanza, ukasimama mlangoni pamoja na viatu vingine. Wanza aliuvua kiatu, akakifuta damu kwa kitambaa chenye maji, akafua soksi na kuianika kando ya sare ya mtoto. Asubuhi aliuvika tena. Jirani aliyekutana nao ngazini alijibana ukutani ili upite.

Siku ya tatu Joab alimwomba mkewe auweke karibu. Alikunja suruali, akafungua bandeji, akasogeza kigutu chake mbele.

"Njoo," aliuambia.

Mguu ulirudi nyuma hatua moja. Joab alisogea hadi ukingoni mwa kiti, akanyoosha mkono. Mguu ukarudi nyuma tena, ukaegemea ukuta. Wanza aliifunga bandeji upya, taratibu. Joab alilia kwa muda, kisha akaomba chai.

Baada ya hapo mambo yaliharibika. Gunga alichoka kupigwa. Asubuhi moja alijificha nyuma ya mlango wa gereji akiwa na spana kubwa, na mguu ulipoingia aliupiga kifundoni. Kule Ganjoni Joab alianguka kutoka kitini. Wanza alimkuta sakafuni amejikunja, ameuma kanga mdomoni, jasho linamtiririka.

"Ananivunja," alisema.

"Nani?"

"Fundi."

Siku iliyofuata mguu haukurudi jioni. Joab hakula. Alisema vidole vyake vimebanwa mahali, na kwamba kuna mtu anayepita mara kwa mara na nyundo. Kila nyundo ilipotua, mwili wake wote uliruka juu ya godoro. Kulipopambazuka Wanza alijifunga kitambaa kichwani, akaenda Tononoka kwa miguu.

Mguu ulikuwa umebanwa kwenye jiliwa la mezani, pale Gunga alipokuwa akibania vyuma vya kukata. Soksi ilikuwa imechanika. Kidole gumba kilikuwa kimepasuka na kiatu kimetupwa kwenye kopo la oili chafu. Gunga alikuwa na bandeji kichwani na jicho moja limefumba. Mkononi alikuwa na breki kuukuu na kipande cha msasa. Kijana wa bodaboda aitwaye Chirau alikuwa ameketi juu ya kreti la soda, akingoja.

"Hujambo, Bwana Gunga," Wanza alisema.

"Sijambo, mama. Karibu."

"Nimekuja kuchukua mguu wa mume wangu."

"Mguu wa mume wako umenivunja mbavu tatu. Nikiufungua leo utanivunja ya nne."

"Breki ulizomtia hazikuwa mpya."

"Zilikuwa mpya."

Wanza alitazama breki iliyokuwa mkononi mwake. Upande mmoja ulikuwa umesuguliwa mpaka ukang'aa, upande wa pili bado una tope. Kikopo cha rangi nyeusi kilikuwa wazi karibu na goti lake.

"Na hiyo?"

Gunga naye aliitazama. "Hii ni ya huyu bwana," alisema, akimwonyesha Chirau kwa kidevu. "Mama, nisikilize. Mwaka wa kwanza nilipofungua gereji nilikuwa natia mpya. Nilikaa hapa nikifukuza nzi. Watu wanataka bei ya kuukuu na jina la mpya. Mimi nawapa vyote viwili."

Wanza alimgeukia Chirau. "Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama," Chirau alijibu kwa adabu. "Lakini mimi siendi kasi. Na hapa ndipo karibu."

Wanza aliweka mkoba wake chini, akashika mpini wa jiliwa, akaanza kuuzungusha. Gunga hakumzuia. Alirudi nyuma polepole na kuinua mikono usoni. Mguu ulipolegea ulianguka juu ya saruji, ukatulia kidogo, kisha ukaruka na kumpiga Gunga kwa kisigino mdomoni. Meno mawili yalitoka. Alipopiga magoti ulimpiga tena sikioni, na tena, mpaka akalala kifudifudi kwenye oili. Wanza angeweza kuuita. Alisimama akatazama, na alipoona imetosha akakiopoa kiatu kutoka koponi, akauchukua mguu kwapani, akarudi nao Ganjoni.

Jioni, akiwa anauosha ndani ya beseni, alimweleza Joab yote aliyoyaona, pamoja na habari za Chirau aliyeziona breki kwa macho yake na bado akangoja kufungiwa.

"Mjinga," Joab alisema.

Mguu ulitoka kwenye beseni ukichuruzika maji, ukavuka chumba, ukampiga Joab teke la tumbo. Kiti kilianguka naye. Teke la pili lilimpasua nyusi. Wanza aliudaka, akaukumbatia kifuani hadi ukatulia. Joab alikaa sakafuni, damu ikimwingia jichoni. Hakukasirika.

"Nilijua," alisema baadaye.

"Ulijua nini, Baba Beverly?"

"Kanyagio lilikuwa laini tangu Barabara ya Digo. Pale kwenye taa nilikanyaga likashuka lote. Nilikuwa nimechelewa. Nikasema, nitarudi kwake mchana."

Wanza aliukausha mguu kwa taulo. Alileta pamba, akamfuta nyusi.

Jumapili waliitwa kwa mwenyekiti wa mtaa, mtu wa makamo aitwaye Kingi, aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme. Gunga alikuja na barua ya daktari. Joab alikuja na magongo. Mguu ulisimama mlangoni. Kingi alisikiliza pande zote mbili, akaamua kwamba mguu utaruhusiwa kumpiga Gunga mara moja kwa siku, saa kumi alasiri, mateke yasiyozidi saba, na usimpige kichwani. Gunga kwa upande wake hatainua chuma chochote. Mtu wa nyumbani awepo kushuhudia.

"Na breki?" Wanza aliuliza.

Kingi alipitia karatasi yake. "Breki hazimo kwenye malalamiko," alisema.

Wakatia sahihi. Mguu ulichovya kidole kwenye wino, ukatia alama.

Tangu siku ile Wanza alitoka kazini mapema, akaandamana na mguu hadi Tononoka. Gunga alikuwa akitandika gunia, akilala upande wa kulia ili mbavu za kushoto zipone, na kesho yake upande wa pili. Mguu ulipiga saba. Wateja walizoea. Wengine walipanga kufika baada ya saa kumi na robo ili wasicheleweshwe. Gunga aliinuka, akatema mate, akaosha mikono, akarudi kwenye kazi aliyoiacha. Wanza hakuacha kuwaambia wateja. Walimwitikia vizuri, wakamshukuru, wakampa Gunga pikipiki zao.

Wiki ya tano Chirau alimbeba mwanamke aitwaye Ruweida, mshonaji wa kofia, kutoka Ndia Kuu kwenda kununua uzi. Waliposhuka kwenye kona nyembamba walikutana na mkokoteni uliopakia mabati. Chirau alikuwa haendi kasi. Alikanyaga, na kanyagio likashuka hadi mwisho. Mabati yalimkata Chirau shingoni, nusu tu, na Ruweida mkono wa kulia, wote. Chirau alizikwa alasiri ile ile akiwa kamili, kwa hiyo hakuna chake kilichokuja.

Mkono wa Ruweida ulikuja Alhamisi. Mguu ulikuwa umefika teke la tano wakati Wanza alipouona nje, ng'ambo ya mtaro wa maji machafu, ukitambaa kwa vidole. Ulikuwa na hina iliyoanza kufifia, na kastabini ya kushonea kwenye kidole cha kati. Ulifika ukingoni, ukapapasa, ukashindwa kuvuka. Wanza alitoka. Aliuinua kwa mikono miwili kama anavyoinuliwa mgonjwa, akauvusha, akaupangusa tope kwa upindo wa nguo yake, akauingiza ndani.

Gunga aliinua kichwa kutoka kwenye gunia. Damu ilikuwa ikimtoka ubavuni.

"Wa nani?" aliuliza.

"Wa Ruweida. Aliyekuwa nyuma ya Chirau."

Gunga alitikisa kichwa kukubali. Mguu ulimalizia mawili yaliyobaki. Yeye akaketi, akajishika ubavu, akamtazama mteja aliyesimama mlangoni na kofia ya chuma mkononi, halafu akautazama mkono, uliokuwa umekwisha panda goti lake na sasa ukitambaa kifuani kuelekea kooni.

"Ningoje kidogo, dada," aliuambia, akachukua breki na msasa. "Huyu bwana ana haraka."

Mkono ulikaa begani pake, ukangoja.