Paja Lenye Lebo

Mume wangu Makarius aliwinda kihalali, jamani, hilo lieleweke kabisa. Leseni alikuwa nayo, ya kongoni mmoja, na ofisi ya wanyamapori Kibondo walimfungia mnyama lebo yenye namba kwenye paja la nyuma. Afisa akarudia sharti mara mbili, nikisikia: nyama isigawanywe na lebo isitoke mpaka bucha la Kasulu. Ikitoka, leseni imekwenda na mwakani hapewi nyingine. Na kuwinda ndiko kunakotulisha.

Kufika Nyakitonto, njiani kwenda Kasulu, akasimamisha pikapu kwa wazazi wangu. Nikamwambia, "Tusalimie tu, twende." Wapi! Alishuka na kisu. Kwetu, mkwe akipita na mnyama mlangoni kwa baba mkwe bila kumwachia paja, watu humsema mpaka achoke. Akakata paja moja, akampa baba kwa mikono miwili, majirani wakitazama. Baba akashukuru kwa kifupi, kama kawaida yake. Lebo hakuna aliyeikumbuka. Hata mimi, hodari wa kukumbusha watu, nilisimama pale nikiona fahari.

Kwenye kizuizi cha barabarani, karibu na Kasulu, afisa mmoja wa kike aitwaye Asmahani akafunua turubai.

"Leseni inasema mnyama mzima. Hapa paja moja halipo, na lebo sioni. Nitajuaje kama ndiye huyu?"

Nikamnong'oneza Makarius ampigie baba simu.

"Nimwombe baba mkwe arudishe nyama? Bora wanifunge."

Nilitamani kumzaba kofi. Nikapiga mwenyewe.

Baada ya saa nzima baba akafika kwa bodaboda, paja limo kwenye gunia na lebo ingalipo. Asmahani akalinganisha namba, zikawa sawa. Kisha akauliza kwa upole, "Mzee, hili ulipewa?"

Baba hana mazoea ya kusema uongo. Lakini kwenye simu nilikuwa nimemweleza yote, na alijua tungepoteza nini.

"Sikupewa kitu," akasema. "Walikuwa wanapanga mizigo upya, wakalisahau kwangu."

Asmahani akamgeukia Makarius. "Ni kweli?"

Angesema ndiyo, tungeondoka. Nikamkanyaga mguu.

"Nilimpa," Makarius akasema. "Huyu ni baba mkwe wangu. Nilimpa mbele ya majirani zake. Siwezi kusema sikumpa."

Asmahani akanyoosha mkono, akapewa leseni. Nyama ikashushwa yote, na lile paja juu yake. Nililia kwa hasira, sikujali nani ananiona. Nilikuwa nahesabu kichwani miezi ya njaa.

Baba akapanda bodaboda. Kabla haijaondoka akanigeukia, akasema kwa sauti ambayo kila mtu pale alisikia, "Mwanangu, umeolewa."

Ndoa yetu ina miaka sita. Hajawahi kusema hivyo.