Kihispania cha Mama Samson

"¿Por qué no me esperaste?" Clotilda aliliambia ua la plastiki, akalichoma waya shingoni, akaliinamisha kwenye shada. Akachukua la pili. "¿Por qué no me esperaste?"

"Jirani, hayo maua yamekukosea nini leo?" Mwanne alidakia kutoka duka la vitenge, ubavuni kwake. Mwanne mtu wa Lindi, na mdomo wake hauna breki.

"Nafanya mazoezi ya kuzungumza na mkwe wangu."

"Mazungumzo gani hayo ya kukunja ndita? Kwetu kusini mkwe anaongeleshwa na meno yote nje."

"Kwenu kusini mnasalimiana mpaka adhuhuri inaingia. Kazi mnafanya saa ngapi?"

Wakacheka. Wamekaa bega kwa bega Kariakoo tangu mabinti zao wanasuka mabutu, mmoja anauza nguo za harusi, mwingine mashada ya msiba, na hawajawahi kugombea mteja. Lakini siku hiyo Mwanne alicheka nusu. Aliijua maana ya yale maneno. Clotilda mwenyewe alimtafsiria tangu mwanzo: *Kwa nini hukunisubiri?*

Samson alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Alikwenda baharini fundi wa mitambo ya meli, meli ikatia nanga Veracruz, huko Meksiko, na kijana akanata. Akamwoa Araceli, akazaa binti, akampa jina la mama yake kama Mchagga anavyotakiwa: Clotilda. Kisha miaka mitatu iliyopita akaugua homa, juma halikuisha. Araceli ndiye aliyepiga simu. Clotilda aliipokea hapa hapa dukani, mikono imejaa utepe, akamsikia mwanamke analia kwa lugha asiyoijua hata neno. "Nani? Samson yuko wapi? Nipe Samson!" Akapiga kelele mpaka watu wakasimama barabarani. Mwenzake Samson aliyejua Kiingereza alipopatikana kesho yake na kumweleza binamu mmoja wa huku nyumbani, Samson alikuwa ameshafukiwa.

Ameshafukiwa! Rombo mtu haendi hivyo. Rombo maiti inangoja. Inawangoja wajomba watoke Mwanza na shangazi atoke Arusha, inamngoja mama, ndipo inashushwa kihambani, katikati ya migomba ya baba zake. Yeye anayewatengenezea watu wa mji mzima mashada, hakupata hata la kumwekea mwanawe.

"Na sisi tunazika siku hiyo hiyo," Mwanne aliwahi kumwambia, kwa upole ambao si kawaida yake. "Siyo dharau, Mama Samson."

"Ninyi ni dini yenu inasema hivyo. Yule ni Mkatoliki kama mimi."

Basi hapo hakuna aliyemweza. Watu hujifunza lugha wapate kazi, wapate wachumba, wapate viza. Clotilda alijifunza Kihispania apate kugomba. Miaka yote hiyo alimtumia Araceli vimoyo na maua ya kwenye simu, kwa ajili ya mjukuu, na moyoni alikuwa amekunja ngumi. Siku atakapoweza kusema, atasema. Na hatasemewa na mtu.

Mwalimu alimpata Upanga, kwenye ghorofa linalotazamana na mistari ya bajaji zinazopeleka wagonjwa hospitali. Mzee Polycarp, mstaafu, alisomea kilimo Kuba ujanani, akarudi na shahada, kofia ya majani, na mapenzi ya lugha yasiyopoa. Sebuleni kwake walikaa manesi wawili, kijana mmoja anayetembeza watalii, na Clotilda akinuka gundi ya mashada. Mzee hakuanza na vitenzi. Alianza na kalenda.

"Lugha ya watu haikai kitabuni, inakaa kwenye sikukuu zao," alisema. "Mjue wanakula nini, wanamlilia nani, wanamcheka nani. Maneno yatakuja yenyewe yakifuata harufu ya chakula."

Na kweli yalikuja. Mwaka Mpya waliambiwa kwamba huko Hispania saa ikigonga usiku wa manane watu hula zabibu, moja kwa kila mlio, wakiomba heri. Zabibu zilikuwa hazishikiki kwa bei, wakatumia karanga, na mzee akagonga sufuria kwa mwiko mbio mbio mpaka Clotilda akapaliwa, akapigwa mgongoni na manesi wote wawili. Hapo ndipo alipojua kuomba maji kwa Kihispania, na hakusahau tena.

Kisha ikaja sikukuu ya Mamajusi. Watoto wa huko huacha viatu mlangoni usiku, asubuhi wakakuta zawadi ndani. Mzee akawapa kama kazi ya nyumbani: wekeni viatu, halafu mje mnisimulie kwa Kihispania mlichokuta. Clotilda akaweka sendo zake za ngozi, mpya, nje ya mlango wa chumba chake Buguruni. Jamani! Buguruni! Asubuhi hakukuta zawadi wala sendo. Akaenda darasani na kandambili za bafuni, akasimama mbele, akasimulia neno kwa neno kwamba Mamajusi walipita na walichukua. Mzee Polycarp alicheka mpaka akavua miwani.

"Tena hao wa kwako hawakuhitaji hata nyota," alisema Mwanne aliposimuliwa.

Clotilda naye alicheka, ndilo lililomshangaza. Alikwenda Upanga kutafuta fimbo, na kila wiki alirudi na kichekesho, au jina la mkate, au namna ya kumwita mtoto kwa mahaba. Alianza kumwambia mjukuu wake kwenye simu *mi cielo*, mbingu yangu, na mtoto akawa anajibu kwa vicheko. Lakini lile swali hakuliacha. Alilitunza kama mtu anavyotunza kisu cha kuchinjia Krismasi.

Oktoba ilipokuwa inaisha, mzee aliwafundisha siku ya wafu ya huko Meksiko. Kila nyumba hutandika meza. Picha ya marehemu juu, mishumaa, mkate, maua ya rangi ya chungwa yenye harufu kali ili marehemu aijue njia ya kurudi, na glasi ya maji kwa kuwa anafika ana kiu. Clotilda alitazama vidole vyake vilivyochubuliwa na waya.

"Mwalimu, ndiyo siku nitakayompigia."

"Sentensi yako ni sahihi, mama," mzee alisema taratibu. "Ila ni kali."

"Ndiyo niliyoifuata."

Siku ya Marehemu Wote alisali misa ya asubuhi, akafungua duka kama kawaida. Alasiri, kule Veracruz kunapambazuka, akaiegemeza simu kwenye furushi la maua meupe, akafuta uso kwa ncha ya khanga. Mwanne akajileta bila kuitwa, akavuta kigoda.

"Nakaa tu," alisema. "Sisemi kitu."

"Wewe?"

"Wallahi leo sisemi."

Uso wa Araceli ukatokea. Mvi zilikuwa zimemwingia pembeni, mapema mno kwa mwanamke wa umri wake, na macho yalikuwa mekundu ya mtu aliyekesha. Clotilda hakutarajia mvi. Wakasalimiana. Mjukuu akampokonya mama yake simu, akaanza kuitembeza mezani, hiki na hiki na hiki, na Clotilda akawa anaelewa: mkate, mshumaa, maji. Maua yalikuwa ya kweli, mengi, yamemwagwa mpaka sakafuni. Katikati alikuwa Samson ndani ya ovaroli, anacheka na lile pengo lake la mbele. Sasa, akajiambia. Sema sasa, usije ukalainika.

"Araceli," aliita. "¿Por qué…"

Mtoto aliisogeza simu karibu zaidi na picha.

Kando ya picha, ndani ya kopo la rangi, palikuwa na mmea. Majani marefu, mapana, yameinama kama masikio ya mbuzi.

"Sale," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanne, lile ni sale."

"Sale ndiyo nini?"

Mchagga gani asiyelijua sale? Ndilo wigo wa kihamba, ndilo linaloota juu ya makaburi ya wazee. Na mtu akikukosea, hata kosa la damu, akikuletea jani la sale limefungwa fundo, umekwisha. Husemi umekataa. Sale halikataliwi. Clotilda alimweleza Mwanne hayo kwa pumzi moja, macho hayabanduki kwenye simu, kisha akauliza kwa Kihispania kile ni kitu gani, kimetoka wapi.

Araceli akaichukua simu, akakaa nayo chini. Alisema polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa, na Clotilda aliokota vipande, kilichompita akakiuliza tena.

"Anasemaje?" Mwanne kiapo kilishamshinda.

"Anasema mwaka wa kwanza wa ndoa waligombana. Samson alimjibu vibaya mbele ya watu. Akatoka. Akarudi jioni na kipande cha tawi, kalikata sijui bustani ya nani, jani moja limepigwa fundo. Akampa. Hakusema neno." Clotilda alivuta kamasi. "Yeye akacheka. Akasema mwanamume gani huyu, wenziwe huleta maua, yeye kaleta majani. Akalitia kwenye maji, likatoa mizizi. Ndilo lile."

"Akamsamehe?"

"Hajui hata kama aliombwa! Hajui mpaka leo. Ameliweka pale kwa sababu Samson alikuwa halinyimi maji. Alikuwa akiongea nalo, anasema. Kwa lugha ambayo yeye haielewi."

Kichagga. Mtoto wake alikuwa akiongea Kichagga na sale ndani ya kopo, huko mwisho wa dunia. Clotilda alilia, na hakujificha. Alimlilia Samson, na alimlilia huyu mwanamke aliyempigia simu akiwa na maiti ndani akajibiwa kwa kelele, ambaye naye hakuwa na mtu wa kumwelewa siku ile. Alimpenda pale pale, na kumpenda kulimuudhi, maana aliona jinsi alivyochelewa kumpenda.

Araceli alifuta macho kwa kiganja. Akasema kitu, na hiki Clotilda hakuhitaji kuulizia: ulikuwa unataka kuniuliza jambo, mama.

Mtaani mkokoteni ulipita, mwenye nao akipiga mbinja watu wapishe. Clotilda aliungoja upite. Alikuwa na maneno yote tayari, yamepangika, mzee Polycarp mwenyewe aliyapitisha.

"Hapana," alisema. "No. Niña, ven. Mjukuu wangu, njoo."

Mtoto akaja. Clotilda hakujua fundo linaitwaje kwa Kihispania, hakuna sikukuu iliyomfundisha hilo. Akakata utepe wa zambarau, wa shada, akauinua mbele ya simu. Akaupitisha huku, akauchomoa kule, akaukaza polepole. Akaonyesha sale. *Una hoja*. Jani moja.

Mtoto alimtazama mama yake, akaenda, akachuma jani. Mara ya kwanza likamponyoka. Alitoa ulimi nje, akajaribu tena, na Clotilda akajaribu naye upande huu wa dunia, wote wawili wakikunja na kupitisha, mpaka la mtoto likashika, nene, baya, limepinda upande.

"Dáselo a tu mamá," Clotilda alisema. Mpe mama yako. Akajigusa kifua. "De mi parte. Kutoka kwangu."

Araceli alilipokea kwa mikono miwili. Alitazama lile fundo, akamtazama Clotilda, akalitazama tena fundo. Hakucheka.

"¿Qué significa?" aliuliza. Maana yake nini?

"Mama, hili shada kiasi gani?" Mwanamume alikuwa amesimama mlangoni, mkono tayari kwenye maua.

"Baba, kaa kidogo," Mwanne alimwambia, akimsogezea kigoda chake. "Hapa pana msiba."

Mteja akavua kofia. Akaketi, asijue anamlilia nani, na Clotilda akaisogeza simu karibu na uso, akaanza kulitafuta neno la kwanza.