Matawi Yaliyokatwa

"Rudia shairi lote, mama, niandike!" Bwana Alexander, afisa wa kilimo, alikuwa ameshatoa kalamu.

Chepkemboi akarudia, huku wakulima wote wa kituo cha chai wakimtazama:

*Chai yangu nilikata, ikabaki magotini,*
*Sasa ona, inaota, ije mikono shambani;*
*Matawi ukiyapata, usiyabebe ya kuni,*
*Jua kali likipita, yafunike shina chini.*

"Mmesikia?" Alexander akashangilia. "Mkishapogoa, matawi yaacheni juu ya chai, jua lisiichome. Nyinyi mnakimbilia kuni! Hili nitalibandika ukutani."

Makofi yakalia. Ati mafunzo ya kilimo! Chepkemboi nusura aangue kicheko. Miezi mitatu alilitunga akichuma, kikapu mgongoni, na lilikuwa la mtu mmoja tu. Kinuthia, mwenye hadwea, duka la vifaa vya ujenzi pale Kapsoit, alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Alifiwa na mkewe, kama Chepkemboi alivyofiwa na mumewe, Benard. Mwaka jana alimposa Chepkemboi, lakini akataka kwanza picha ya marehemu Benard itoke ukutani. Chepkemboi alimfukuza siku hiyo hiyo. Sasa moyo umelainika, anamtaka jamani, tena sana! Ila picha haitoki ng'o. Angemwambiaje, na macho ya kijiji kizima yako juu yake?

"Niko na swali," Kinuthia akainua mkono. "Hayo matawi ya zamani, yaachwe hapo hapo?"

"Hapo hapo," Chepkemboi akajibu.

"Na chai itaota tu?"

"Si nimesema imeshaota?"

Alexander akaandika hayo pia. Kinuthia akavaa kofia, akaondoka hata soda hakungoja. Chepkemboi akabaki akiutazama mgongo wake. Ameelewa, ama amekasirika? Alirudi nyumbani karibu akikimbia, akakoroga chai, akasahau kutia majani.

Saa kumi mlango ukabishwa. Alikuwa Kinuthia, viatu vyekundu kwa vumbi, futi ya kupimia mkononi.

"Ile picha ya Benard," akasema, salamu zikimpotea. "Kioo chake kina ufa, niliona siku ile. Wacha nipime nikukatie kingine."

"Karibu ndani," Chepkemboi akasema, akicheka huku machozi yanamtoka. Akapanda kiti, akaishusha picha mwenyewe, akaipangusa vumbi kwa leso. Akaishikilia kwa mikono miwili huku Kinuthia akinyoosha futi.

"Kumi kwa nane," Kinuthia akasoma. Kisha akainua macho ukutani. "Na huo msumari umelegea. Kesho nitaleta mrefu."