Mkasi Uliotafuna Kitambaa

Posa ilikuwa imeshakubaliwa. Kilichobaki ni kupanga siku, pale babu wa binti fundi cherehani na bibi wa mchumba wake walipoanza kuulizana habari za wazee wao. Baba wa huyu alikuwa fundi nguo, baba wa yule naye fundi nguo. Duka moja, jina moja. Babu akamkumbatia bibi, machozi yakamtoka.

"Kumbe nina dada! Baba mmoja, mama mbali mbali!"

Hapo hapo harusi ikaota mbawa. Shangazi wa mchumba akamaliza maneno: "Hao ni ndugu wa damu, hakuna ndoa hapo. Tena bora tumejua mapema."

Fundi alishona kimya kimya, uzi unakatika, anatunga tena. Babu yeye kila Jumapili alinyoa ndevu, akavaa shati la pasi, akaenda kwa dada. Alirudi akipiga mluzi. Alizaliwa peke yake, akazeeka peke yake, na sasa ana mtu wa kumtania.

Siku moja fundi alitoa sandukuni mkasi wa marehemu baba wa babu. Nyumba nzima walijua ni mbovu, unatafuna kitambaa. Mkono wa kulia ulikuwa umechoka, akaujaribu kwa kushoto. Kitambaa kikafunguka chwaa: kumbe ni mkasi wa mtu wa mashoto.

Akaufungia kwenye droo ya cherehani. Kama baba wa bibi alikata kwa kulia, basi mafundi walikuwa wawili: akisema, anampata mume, lakini anamnyang'anya babu dada. Alikaa na jambo hilo moyoni mpaka bibi alipokuja kutembea.

"Bibi, marehemu baba yako alikatia mkono gani?"

"Huu." Bibi akainua wa kulia. "Ule mwingine hata kujikuna hakuweza nao."

Babu akaangua kicheko. "Dada, uzee huo! Mimi alifariki nikiwa mdogo, lakini kofi lake la kushoto shavu hili linalikumbuka mpaka leo."

Kicheko kikakatika chenyewe. Fundi akatoa mkasi. Bibi akaujaribu kwa kulia, ukatafuna. Fundi akaupokea kwa kushoto, akakata kipande kizima.

Bibi akakiokota kile kipande, akakipapasa.

"Sasa nakumbuka. Walikuwa wawili," akasema. "Mteja akiita jina, wanaitika wote, wanacheka. Nilikuwa nampelekea baba maji. Yule mwenzake alikaa mwisho wa meza, maana kiwiko chake kilimgonga baba kila wakikata. Alinipa vitambaa vya kumshonea mwanasesere."

"Basi sina dada," babu akasema.

"Nisamehe, babu," fundi akanong'ona.

"Akusamehe nini, mwanangu?" Bibi akamgeukia babu. "Na wewe mzee, usidhani umeniponyoka. Mjukuu wangu anaoa hapa. Jumapili njoo kama kawaida, ila hiyo kola uinyooshe."

Babu akatabasamu kidogo. Kisha akauliza, taratibu kama mtoto, "Baba alikuwa anakaaje?"

Bibi akainuka, akavuta kiti hadi mwisho wa meza ya kukatia.

"Hapa. Kaa. Kiwiko nje."

Babu akakaa. Fundi akamwekea mkasi mkono wa kushoto.