Swali la Shupaza Tatu

Klabuni walimwita Mizani. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliyeacha shule mapema akaolewa na mwalimu wa hesabu. Mitaani watu walipokutana na wawili hao, salamu ya kwanza na swali la kwanza vilikwenda kwa mwalimu. Ila Alhamisi jioni, katika ukumbi uliokuwa juu ya duka la rangi, wote walimgeukia mkewe.

Mchezo wao ulikuwa briji. Wanacheza watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja ameketi akitazamana na mwenza wake, karata kumi na tatu mkononi. Kabla ya karata kushuka kuna mnada: kila upande unaahidi utakula raundi ngapi, na turufu itakuwa nini. Ukiahidi chache ilhali una nguvu, umejipunja. Ukiahidi nyingi zikakushinda, unaadhibiwa. Na kazi yote iko hapo, kwa sababu huruhusiwi kumwambia mwenzako ulichoshika. Unachomoa kadi ya mnada kwenye kisanduku chako, unaiweka mezani, umemaliza kusema.

Wengi pale klabuni walihesabu pointi tu: ree nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja. Mizani hakuishia hapo. Mfalme aliyekaa peke yake, bila vikarata vidogo vya kumlinda, alimshusha bei. Kopa zikiwa sita mkononi alizipandisha, hata kama zilikuwa za hovyo. Lakini kilichompa jina kilikuwa shupaza tatu.

Ilikuwa hivi. Mume anafungua kwa shupaza moja. Mizani anajibu shupaza mbili, maana yake ninazo kidogo za kukusaidia. Mume anaweka shupaza tatu. Hiyo tatu ni swali: mwenzangu, hicho kidogo chako ni kidogo kweli, au kuna zaidi? Mizani akipita, yaani asipoongeza, wanabaki chini, salama. Akisema nne, wameahidi raundi kumi, maana sita za kwanza hazitajwi mnadani, na kumi ndizo zenye malipo mazuri. Mizani alikuwa akitulia kidogo, anatazama meza, kisha anajibu. Akisema nne, kumi zinapatikana. Akipita, kumi hazikuwepo.

"Mama huyu anaona karata kupitia mgongoni," alisema daktari wa mifugo, aliyekuwa akifungwa nao kila wiki.

"Mimi nahesabu tu," mwalimu alijibu. "Anayepima ni yeye."

Mizani alikuwa akitazama chini akisikia hivyo, akijifanya anapanga karata. Kazini alikuwa sauti ya kuunganisha watu na watu wengine. Mtaani alikuwa mke wa mwalimu. Hapa tu palikuwa na kitu alichokifanya kwa kichwa chake mwenyewe, na watu wenye shahada wakanyamaza kumsubiri.

Mwaka ule katibu wa klabu akawapeleka kwenye mashindano ya vilabu vyote. Walipanda basi asubuhi na mapema, Mizani amevaa kitenge kipya, mwalimu amenyoa. Yalifanyika katika hoteli, ukumbi wa baridi kama friji, na kila meza ilikuwa imekatwa katikati, kona hadi kona, kwa ubao mrefu kuliko kichwa cha mtu aliyekaa. Huo ndio utaratibu wa mashindano makubwa. Mwenza wako yuko ng'ambo ya ubao, humwoni. Kadi za mnada zinawekwa kwenye trei, na trei inasukumwa kupitia uwazi mdogo wa chini ikiwa tayari ina kauli za watu wawili.

Mizani aliona ni mchezo wa kitoto, akaketi.

Katika mgao wa tatu au wa nne hivi, trei ilirudi upande wake ikiwa na shupaza tatu. Alikuwa na pointi nane, tatu kati ya hizo ni za mfalme wa uru aliyekaa peke yake, na shupaza nne za kumsaidia mumewe. Akatulia kama kawaida. Akainua macho kutazama meza.

Akaona ubao.

Akaendelea kuutazama ubao. Mpinzani aliyekaa upande wake, kijana wa benki mwenye adabu, akadhani mama anafikiri. Mizani hakuwa akifikiri. Alikuwa akisubiri kitu kije, kile ambacho siku zote huja, na hakikuja. Zilikuwa karata tu, nyekundu na nyeusi, kama alizopewa mtu yeyote. Mwishowe akaweka nne. Wakakosa raundi mbili.

Lilipokuja swali lile tena, akapita kwa woga, na mwalimu akala raundi kumi na moja kirahisi. Mara ya tatu akasema nne, wakakosa. Kufika mchana walikuwa mkiani. Katibu aliwapigapiga mabegani na kusema siku mbaya humkuta kila mtu.

Chumbani kwao pale hotelini, jua likiwa bado kali dirishani, Mizani aliketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

"Kidole gumba," akasema.

Mwalimu alikuwa akikunja shati. Hakuuliza kidole gani.

"Ukiwa na nguvu unaiweka tatu na kuiachia hapohapo," Mizani akaendelea. "Ukiwa huna, kidole gumba kinabaki juu ya kadi. Leo ndiyo nimejua kwamba ndicho nilichokuwa nakitazama. Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua," mwalimu akasema.

"Tangu lini?"

Akaweka shati chini. "Tangu mwanzo. Ulikuwa hutoki ndani, unakumbuka. Tumemzika mtoto, umekaa chumbani, huli. Nikakuleta klabuni kwa kukulazimisha. Ukawa unakosea kila karata, nikajua wiki ijayo hutakuja. Nikaacha kidole, mara moja tu, nione. Ukapita, tukashinda. Ukacheka, mama. Tangu msiba sikuwa nimekusikia ukicheka."

"Kwa hiyo ukaendelea."

"Ningeachaje?"

"Wakaniita Mizani, na wewe unasikia."

"Nilidhani utajifunza njiani, kidole kisiwe na kazi tena. Na kweli mambo mengine unayajua vizuri."

"Lile moja je?"

Mwalimu akaliokota shati, akaanza kulikunja upya. Mizani alitafuta hasira, akamwona mumewe alivyokuwa siku zile, amesimama mlangoni na sahani ya chakula kilichopoa. Akatafuta shukrani, akawaona watu wa ukumbini wakinyamaza kumsubiri. Hakuna alichokipata kikamilifu. Akavua viatu, akalala ameelekea ukutani.

Waliporudi hakutaka kuacha. Alimwambia mumewe wacheze kwa haki, na mwalimu akakubali mara moja. Alhamisi iliyofuata mwalimu alikuwa akiweka kila kadi kwa namna moja, taratibu, mkono anaurudisha mapajani. Haikusaidia. Mizani alikuwa ameishi naye miaka mingi mno. Kidole kilipofichwa aliona bega. Bega lilipotulia alisikia pumzi. Hata kule kujibana kwake kulimwambia kitu, maana mwalimu alijibana zaidi alipokuwa na karata mbovu. Alijaribu kutotazama, akatazama kitambaa cha meza, mpaka kichwa kikamuuma, na bado alijua. Alipojibu sawasawa aliona ameiba. Alipojibu kinyume kwa makusudi aliona ni upuuzi.

Wakati wa mapumziko alimfuata daktari wa mifugo pale kwenye birika, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Alitegemea atakasirika.

Daktari alicheka tu. "Mama, kila mke anamsoma mumewe. Mimi wangu anajua nimelewa kabla sijafungua geti. Tungekata kila meza kwa ubao, nani angecheza?"

"Lakini tumewafunga nyie kwa wizi."

"Aa, acha mambo hayo. Chai inapoa."

Akarudi mezani hajasamehewa wala hajahukumiwa.

Akajaribu njia iliyobaki. Aliomba acheze na daktari huyohuyo, na mwalimu akakaa na mwanamke mwenye duka la rangi. Nyumbani alikuwa akigawa karata peke yake kwenye meza ya jikoni, anapima, anaandika jibu, kisha anafunua karata za pande zote nne kuona. Alimpunguza mfalme mpweke, akaziongeza kopa ndefu, yote kama alivyozoea. Mara nyingine alipatia. Mara nyingi zaidi alikosea, na hakuweza kueleza kwa nini pale alipatia na hapa akakosea. Mwalimu alipita akichukua maji, akasimama nyuma yake.

"Hapo ungepita," akasema.

"Kwa nini?"

Akamweleza, kwa ufasaha, kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Mizani alielewa kila neno. Karata iliyofuata akakosea tena.

Daktari alimvumilia. Walipokosa raundi alikuna tu kidevu. Baada ya wiki kadhaa alikuja na mpwa wake, akasema kijana anataka kujifunza, kama mama hatajali. Mama alisema hajali. Hakuna aliyekuwa mkali, na hakuna aliyemwomba abaki. Klabu ilikuwa na wachezaji wa kiwango chake tele, wengine bora kidogo.

Akabadilishana zamu na mwenzake hospitalini ili Alhamisi jioni awe kazini. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alipopiga simu kuuliza kama bado wanawatesa watu pale ukumbini, alimjibu, "Baba yako anakwenda."

Na mwalimu alikwenda, kwa sababu Mizani alimwambia aende. Mwanzoni alibaki nyumbani akimsubiri atoke zamu, lakini jioni hizo zilikuwa nzito. Zamani walikuwa wakirudi wakibishana njia nzima juu ya karata moja, na kumbe yale ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Sasa walisikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, wakaangaliana, wakaenda kulala.

Juzi alirudi uso unang'aa. Mizani alikuwa ametangulia kufika kutoka zamuni, anamenya viazi vya kesho.

"Leo nimeshika karata," mwalimu akaanza, anavuta kiti. "Shupaza sita, ree juu. Nafungua moja, mama wa rangi anajibu mbili, mimi nikaweka tatu…"

Mizani aliendelea kumenya, kisu kinakwenda polepole kuzunguka kiazi, na hakuinua macho kumsaidia.

"Basi, joto tu lilikuwa kali mle ndani," mwalimu akasema, akainama kufungua kamba za viatu.