Kura ya Saba

Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walimwita Chuma, maana alinyimwa cheo mara tatu na hakuna aliyemwona akilia. Mara zote tatu aliambiwa ni hodari, ila bado hana uzito. Alipoupata umeneja mkuu hatimaye, akajikuta mwanamke pekee mezani na wanaume sita. Wao wakitaniana habari za mpira, yeye alijitia kusoma karatasi.

Siku ya kumchagua mkuu wa uzalishaji walibaki wawili. Mmoja alikuwa mhandisi wa mitambo, binti aliyesimamia zamu miaka tisa na kuufufua mtambo wa kukatia sabuni baada ya mafundi wote kunawa mikono. Wa pili alikuwa msimamizi wa ghala, kijana mrefu mwenye sauti ya kujaza chumba, miaka minne tu kazini. Kura zikaenda tatu kwa tatu. Ikabaki ya Chuma.

"Binti ni hodari," akasema, "ila bado hana uzito." Akampa kijana wa ghala.

Ofisa utumishi, mzee asiye na makuu, alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao. "Niandike uzito wa namna gani, mama?"

Chuma akazifunua tena karatasi za binti, akitafuta sababu. Alichojua ni kwamba kila alipomfikiria mkuu wa uzalishaji, aliyemjia kichwani alikuwa mwanamume mrefu. Kikulacho ki nguoni mwako. Naye nguo hiyo aliivaa miaka yote akidhani ni ya wenzake.

Kesho yake asubuhi alimwendea mwenyekiti wa bodi kuomba kikao kirudiwe. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba barua imeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Basi akamwita mhandisi ofisini.

"Kura iliyokuangusha ni yangu," akamwambia. "Na sababu sikuwa nayo."

Mhandisi alikuwa bado na grisi kwenye vidole. Alivifuta taratibu kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Wale wengine niliwategemea waninyime," akasema. "Wewe sikukuwazia."

Hakugomba wala hakubamiza mlango. Mwezi haukuisha, akahamia kiwanda kingine. Siku alipoondoka, Chuma alimtaka ofisa utumishi aandike kwenye kumbukumbu za kikao kile kwamba kura ya meneja mkuu haikutolewa sababu. Mzee akaandika, akafunga faili.

Mchana ule Chuma alichukua sahani yake akaenda kantini, kwenye meza ya wanawake wa maabara, alikokula miaka kumi na moja kabla ya ukubwa. Walikuwa wakicheka. Walipomwona, mmoja akampisha kiti, mwingine akaifuta meza iliyokuwa safi.

"Karibu, bosi," wakasema.

Akaketi. Akauliza watoto hawajambo, wakajibu hawajambo. Kijiko chake kikasikika kikigusa sahani, na mmoja mmoja wakakumbuka kazi walizoziacha.