Guu Nene la Lango

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msijichoshe kumtafuta kati ya watu watano waliokuwa kwenye gari: mimi, binti yangu, mume wake ambaye ni dereva wa lori, mtoto wao wa miaka sita tunayemwita Spika kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Shemeji ni nesi mstaafu, na mpaka leo akikutazama unajikuta umeshakunja mkono wa shati.

Tulikuwa tunakwenda jangwani kukaa siku mbili kwenye hema, chini ya Lango. Lango ni mwamba uliotobolewa na upepo ukabaki na miguu miwili, mmoja mwembamba kama mkono wa mtu aliyetoka kuugua, mwingine mnene kama tangi la maji. Hakuna asiyelijua. Lipo kwenye stempu, lipo kwenye kalenda, lipo kwenye viberiti na kwenye majalada ya daftari za shule. Lipo pia kwenye ukuta wa studio yangu.

Mimi ni mpiga picha. Studio ina chumba kimoja, benchi la kusubiria, kioo chenye kitana kilichofungwa kamba kisitembee, na ukuta wa nyuma ambao mke wangu aliuchora mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Msafiri mmoja alisahau kwetu kipande cha filamu ya rangi, kile unachokiinua kwenye mwanga ukaona picha ndani yake. Kikashikwa dirishani, mke wangu akawa anatazama na kuchora, wiki tatu, kwa rangi iliyobaki jirani alipopaka milango yake. Guu nene kulia, jembamba kushoto, mchanga wa rangi ya chai ya maziwa. Alipomaliza akaosha brashi, akafuta mikono kwenye gauni, akasema, "Haya, sasa tukalione lenyewe."

Nikasema, "Mwakani."

Anayetafuta kosa langu asihangaike na mengine, ni hilo neno. Mwaka uliofuata harusi zilikuwa nyingi. Mwaka wa tatu shule zilitaka picha za vitambulisho. Baada ya hapo sikuhitaji hata sababu, neno lilikuwa limeshazoea njia. Mke wangu hakununa. Mteja akiuliza, "Mama, pazuri hapa, mmeshafika?" yeye hujibu, "Bado. Mume wangu anasubiri jangwa lije lenyewe lipigwe picha." Watu wakacheka, nami nikacheka, uso nimeuingiza nyuma ya kamera. Kamera ni kitu kizuri sana kwa mtu mwenye la kuficha.

Kila mwaka, siku ya ndoa yetu, alisimama kulia, pale kwenye guu nene, nikampiga picha moja. Zipo thelathini na moja kwenye bahasha. Ya thelathini na mbili haipo. Alitangulia mwezi mmoja kabla.

Kwa hiyo safari ile nilikuwa na shabaha moja tu, nayo sikumwambia mtu. Nilitaka kuipiga ile ya thelathini na mbili. Familia nzima mbele ya Lango lenyewe, na pengo upande wa kulia, kwenye guu nene, mahali pake. Nilipakia kamera ya zamani na stendi yake ya miguu mitatu, binti akaniuliza kama simu haitoshi, nikamwambia simu ni ya kupigia.

Tulifika saa tisa alasiri. Mlinzi wa kituo alituonyesha pa kuweka hema, mkwe wangu akaanza kugongea vigingi. Mimi nikainua macho. Guu nene lilikuwa kushoto.

"Tumekosea upande," nikasema.

Mkwe akasimamisha nyundo hewani. "Upande upi, mzee?"

"Hapa ni nyuma. Lango limetupa mgongo."

"Mwamba una mgongo?"

Hapa niwaeleze jambo. Miaka yote ile watu walikuwa wakiniambia kwamba Lango la ukutani kwangu limekaa kinyume na la kwenye stempu. Niliwajibu kwamba mimi ndiye mwenye taaluma, na kwamba wachapaji wa stempu waligeuza filamu. Wenye viberiti nao wakageuza. Mwalimu mmoja aliniletea daftari la shule anionyeshe, nikamshauri akalirudishe dukani, lina kasoro. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mwamba wenyewe, na nikaona ni afadhali niukosoe mwamba kuliko kumkosoa aliyeuchora.

Mlinzi, mtu mpole, alivua kofia akajikuna kichwa. "Mzee, nina miaka kumi na sita hapa. Halijawahi kugeuka."

"Muda wote huo ulikuwa unalitazama wewe?"

Akavaa kofia yake akaondoka. Binti akamtazama mumewe, mumewe akakitazama kigingi cha nne alichokuwa ametoka kukigongea, kisha akaanza kuving'oa kimoja kimoja. Namshukuru kwa hilo. Dereva wa lori amezoea kuambiwa mzigo si wa hapa.

Gari halikuweza kupita, mchanga ulikuwa laini. Tukabeba. Mkwe hema begani, binti maji na sufuria, shemeji kiti chake cha kukunja, mimi kamera. Spika alibeba maneno. Tulizunguka kwa nusu saa, jasho likituingia machoni, na jinsi tulivyozidi kuzunguka ndivyo guu nene lilivyozidi kuhama, likaenda, likaenda, mpaka likatulia kulia. Nikasimama. Ulikuwa ule ukuta wangu hasa, na mchanga ni ule ule wa chai ya maziwa. Mtu mmoja tu alikosekana, na nilijikuta nageuza shingo kumtafuta, kama ninavyofanya bado nikisikia mlango wa studio.

"Babu," Spika akasema, "hili guu nene lina choo."

Lilikuwa nacho kweli. Vyoo vitatu vya mabati, kijani, vimeegeshwa palepale kwenye guu, na mlango wa kimoja umekatika bawaba, upepo ukiuchukua na kuurudisha. Bam. Bam.

Nikajifanya sijaviona. Nikafungua stendi, nikainamia kamera. "Simameni. Sogeeni kushoto. Zaidi. Hapo kulia pabaki wazi."

"Wazi kwa ajili ya nini?" binti akauliza.

Nikawa nasafisha lenzi ambayo ilikuwa safi. Binti akashusha sauti. "Baba. Ni pa mama?"

"Mwanga unaondoka. Simameni."

"Basi turudi kule mbele, baba. Pengo tutaliacha kushoto, ndiko guu liliko. Kwani kuna shida gani?"

"Mama yako alisimama kulia. Alilichora hivi, na hakukosea."

"Alikosea," shemeji akasema.

Alikuwa ameshafungua kiti chake, ameketi. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekishika kile kipande cha filamu dirishani, mkono ukafa ganzi. Nilikishika nyuma mbele, kulia kukawa kushoto. Mwaka haujaisha dada akanunua kiberiti, akakitazama, akatazama ukuta, tukacheka mpaka tukakaa chini."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulikuwa umeshamfukuza mwalimu wa watu na daftari lake. Akasema, mwache. Siku atakayonipeleka ataliona mwenyewe, na mimi nitakuwa pembeni nautazama uso wake."

Mlango ukagonga. Bam. Miaka thelathini na moja alikuwa na kicheko kimoja amekitunza kama mtu anavyotunza nguo ya harusini, anasubiri tu aambiwe twende. Na uso aliousubiri ndio huu, leo umekuja, mbele ya watu wote isipokuwa yeye mwenyewe. Ningempa studio, ukuta na kamera, auone kwa dakika moja.

Lakini mjinga hajui kuishia njiani. "Kama ni hivyo ndiyo vizuri zaidi," nikasema. "Kulia ndipo pake, awe alikosea asikosee. Sirudi kule. Jipangeni hapa hapa tupige."

Binti na mumewe wakatazamana. Shemeji akanyanyuka, akakunja kiti chake taratibu, akakitia kwapani.

"Shemeji," akasema, "alipokuwa hai ulimsimamisha mbele ya ukuta miaka thelathini na moja. Leo hayupo, unataka ukamsimamishe mbele ya choo?"